Panga kozi zako kwa kuanzia mwisho

Hotuba kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Shahada ya Awali ya Historia, katika wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya

Ndugu Mkuu wa Idara, walimu wenzangu, wenzetu wa ofisi ya usajili, na ninyi vijana wetu wa mwaka wa kwanza: itifaki imezingatiwa. Karibuni sana.

Nasimama hapa kama mmoja wa washauri wa kitaaluma wa idara hii. Najua kundi lenu la WhatsApp limeshaanza kuchemka, na najua kuna orodha inazunguka humo: kozi gani ni mteremko, mwalimu gani anabana alama, semina ipi mtu anaweza asihudhurie na mambo yakaenda. Orodha ya namna hiyo hutokea kila mwaka, na kila mwaka kuna wanafunzi wenye akili nzuri wanaojisajili kwa kuifuata. Wakifika mwaka wa tatu wanatakiwa kuandika utafiti wao, wanagundua kwamba wamekusanya krediti zote zinazotakiwa lakini hawawezi kusoma hati hata moja inayohusu jambo wanalolipenda. Hilo linaniuma, kwa sababu lingeweza kuzuiwa katika wiki hii hii mliyomo.

Ombi langu kwenu ni moja. Jiulizeni sasa mngependa kuandika juu ya nini mwaka wa tatu, kisha rudini nyuma, mwaka wa pili na wa kwanza, mkichagua kozi zitakazowawezesha kuvisoma vyanzo vya jambo hilo. Swali lenu litabadilika njiani, na hakuna ubaya. Mtu mwenye swali linalobadilika bado ana cha kumwongoza anapoifungua orodha ya kozi.

Niwape mfano wa wanafunzi waliofanya hivyo kabla yenu. Mwaka 1968, wanafunzi wa shahada ya kwanza wa historia pale Dar es Salaam walisambaa kusini mwa nchi kuwahoji wazee juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Chuo kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki; hakikuwa chuo kikuu kamili mpaka Julai 1970. Idara yenyewe ilikuwa changa, imeanzishwa miaka michache tu nyuma chini ya Profesa Terence Ranger, na mradi ule ulisimamiwa na walimu na watafiti wakiwemo John Iliffe na Gilbert Gwassa. Piga hesabu ya umri: kijana aliyekuwa na miaka 15 vita vilipoanza alikuwa mzee wa miaka 78 wanafunzi wale walipobisha hodi. Wangechelewa miaka kumi, wengi wa wale wazee wasingekuwepo.

Wakakuta nini? Maofisa wa Kijerumani walikuwa wameandika kwamba vita vile ni kazi ya waganga waliowadanganya watu kwa maji ya dawa. Wazee walisimulia habari za Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe na dawa yake, lakini walisimulia pia habari za pamba: kulazimishwa kulima shamba la serikali, kuacha shamba lako linamezwa na magugu, viboko, na malipo ambayo hayakumtosha mtu kitu. Umatumbini, karibu na Kilwa, vita vilianza kwa watu kung'oa mipamba mwishoni mwa Julai 1905. Wanafunzi walipofika Ungoni, mambo yalikuwa mengine kabisa, maana kule palikuwa na dola yenye jeshi na watwana wake, na wakubwa waliopokonywa madaraka na Wajerumani walikuwa na hasira zao wenyewe. Upogoro nako kulikuwa na sababu zake. Picha ya nchi nzima kuinuka kwa moyo mmoja, ambayo miaka ile ya mwanzo wa uhuru watu wengi waliipenda, ilianza kupata nyufa, na waliozitia nyufa hizo ni wanafunzi wa shahada ya kwanza waliokuwa wameandika kwa uaminifu kile walichoambiwa. Ripoti zao zilikusanywa na kutolewa na idara mwaka 1969. Mpaka leo mtu yeyote anayeandika kwa dhati juu ya Maji Maji hawezi kuzipita.

Wale walikuwa na umri wenu. Walikuwa na nini? Walikuwa na lugha za sehemu walizokwenda. Walikuwa wameelekezwa namna ya kumhoji mtu. Walikuwa wamesoma yaliyokwisha kuandikwa, kwa hiyo walijua la kuuliza. Vitu hivyo vitatu ndivyo mnavyopaswa kuvitafuta ndani ya orodha ya kozi zenu.

Sasa tuingie kwenye orodha yenyewe. Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Maana yake ni krediti 120 kwa mwaka, 60 kwa muhula, yaani saa 600. Muhula ukiwa na wiki 15, hizo ni saa 40 kila wiki, sawasawa na mwajiriwa wa ofisini. Fungua ratiba yako uhesabu saa za mihadhara na semina. Utaona hazifiki nusu. Saa zilizobaki hazikusahauliwa na aliyepanga ratiba; ni saa zako za maktaba, na kozi zimepimwa kwa kuamini kwamba utazitumia. Mwanafunzi anayeniambia amejaza kozi za ziada ili amalize mapema namwomba kwanza anioneshe hesabu hiyo ya saa.

Kozi za lazima zina malalamiko mengi kuliko za hiari. Lalamiko ninalolisikia sana linahusu kozi za historia ya nje ya Afrika. Mwanafunzi anatoka kidato cha sita, amesoma HGL au HKL (historia na Kiingereza, pamoja na jiografia au Kiswahili), anataka historia ya Tanzania, na anakutana na sharti la kusoma mapinduzi ya viwanda Ulaya au historia ya Marekani. Anauliza: mimi na viwanda vya Manchester wapi na wapi?

Turudi kwenye ile pamba ya Umatumbi. Kwa nini gavana wa Kijerumani alitaka mwanakijiji wa karibu na Kilwa alime pamba kwa lazima? Kwa sababu viwanda vya nguo vya Ujerumani vilitegemea mno pamba ya Marekani, na wenye viwanda hawakusahau jinsi Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilivyoikausha Ulaya pamba mpaka wafanyakazi wa viwandani wakakosa kazi. Ndipo ikaundwa kamati ya uchumi wa makoloni kule Berlin, ikaanza kutafuta pamba katika makoloni. Mwaka 1901 kamati hiyo ilileta Togo, koloni jingine la Wajerumani, wataalamu Weusi kutoka chuo cha Tuskegee, Alabama, watoto wa watu waliowahi kuwa watumwa, ili wawafundishe Waafrika kulima pamba. Miaka minne baadaye mipamba iling'olewa Umatumbi. Asiyejua historia ya viwanda vya Ulaya na ya kilimo cha pamba kusini mwa Marekani atausimulia mwanzo wa Maji Maji kwa kusema tu kwamba wakoloni walikuwa wakatili. Walikuwa wakatili, ndiyo. Lakini kwa nini pamba, na kwa nini wakati ule? Jibu limekaa ndani ya kozi ambayo wengi wenu mmeshaipangia kupita na C.

Sharti jingine linalochukiwa ni kozi ya mbinu za utafiti wa historia. Inaitwa kavu. Wapo wanaoikwepa mwaka wa pili ili waibebe mwaka wa tatu, na hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu kozi ya utafiti ya mwaka wa tatu imejengwa juu yake. Naisema kozi hii kwa mkazo: msiisogeze mbele hata kwa muhula mmoja. Humo ndimo mtakapojifunza kusoma faili.

Na faili linasomwa vipi? Chukua faili la sekretarieti ya Waingereza, yaani ofisi kuu ya serikali ya kikoloni, katika Nyaraka za Taifa, pale Dar es Salaam. Mwanafunzi asiyefundishwa hukimbilia barua, kwa sababu zimepigwa taipu na zinasomeka vizuri. Aliyefundishwa huanza na zile karatasi za maoni, ambapo maofisa waliandika kwa mkono, mmoja chini ya mwenzake, kila mmoja akiweka herufi za jina lake na tarehe. Hapo utamwona ofisa mdogo anasema wazi kwamba watu wa wilaya yake wanaona njaa. Anayemfuata anaandika kwamba taarifa hizo zimetiwa chumvi. Wa tatu anataka jambo lisubiri bajeti ijayo. Kisha unaigeukia barua iliyopigwa taipu, ile iliyotumwa London, na unaona njaa haikutajwa. Historia yote ya namna serikali ya kikoloni ilivyokuwa ikifikiri imekaa kati ya karatasi ile ya mkono na barua ile ya taipu. Hakuna kitabu cha kuazima kwa mwenzako kitakachokufundisha jambo hilo siku mbili kabla ya mtihani.

Faili za Wajerumani zina ugumu wake. Nyingi zimeandikwa kwa mwandiko wao wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo anaweza kushindwa kuusoma bila kufundishwa. Mwanafunzi anayetaka kipindi cha kabla ya 1914, na chuo chake kina kozi ya Kijerumani, aingize kozi hiyo katika nafasi ya hiari tangu mwaka wa kwanza. Anayeipenda pwani na visiwa afikirie Kiarabu, au angalau ajifunze kusoma Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Barua, hati za mashamba, tenzi, hata habari za vita na Wadachi, yaani Wajerumani, ziliandikwa hivyo kwa vizazi vingi, na Nyaraka za Zanzibar zina hazina kubwa ya maandishi hayo. Inasikitisha kwamba wanaoweza kuyasoma miongoni mwa wahitimu wetu ni wachache, na wengi wa hao walijifunza madrasa wakiwa watoto bila kujua kwamba wamebeba ujuzi wa mwanahistoria. Kama wewe ni mmoja wao, njoo unione mapema.

Nataka nioneshe jinsi mpango wote unavyokaa pamoja. Tuseme yupo mwanafunzi aliyekulia Nachingwea. Tangu utoto amesikia habari za mpango wa karanga wa Waingereza, ule ulioanza 1947 na kuachwa 1951 baada ya kumeza takribani pauni milioni 36, huku karanga zilizovunwa zikiwa chache kupita kiasi. Anajua kwamba bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya mpango huo, na kwamba palikuwa na reli kutoka pwani mpaka kwao, ambayo iling'olewa baadaye. Anataka kuandika juu ya hilo. Vizuri sana. Tumsaidiaje kuchagua kozi?

Kwanza anahitaji historia ya uchumi, kwa kuwa atakutana na majedwali ya gharama, ekari na mishahara, na lazima ayasome bila kuogopa. Anahitaji kozi ya Ulaya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ili ajue kwamba Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia na deni kubwa kwa Marekani. Bila hilo mpango wote ataona ni wazimu wa watu wachache. Kozi moja ya jiografia ya udongo na mvua itamfaa kuliko kozi ya tatu ya historia ya siasa, kwa sababu sehemu kubwa ya kushindwa kule ilitokana na ardhi na hali ya hewa, hasa Kongwa, sehemu nyingine ya mpango huo, ambako udongo ulikuwa ukikauka na kuwa mgumu kama saruji. Kisha mbinu za utafiti. Kisha kozi ya historia simulizi, maana wazee waliofanya kazi ya kusafisha pori wakiwa vijana sasa ni wa kutafuta kwa tochi, lakini watoto wao wapo na walisimuliwa.

Ukiitazama orodha hiyo utaona kozi za lazima ziko ndani yake, za hiari ziko ndani yake, hata nafasi ya kuchukua kozi nje ya idara imetumika. Hakuna krediti iliyopotea. Na mwanafunzi huyo akija kwangu mwaka wa tatu, mazungumzo yetu yatakuwa juu ya karanga. Hatutakuwa tunahangaika kutafuta mada ya kuokoteza wiki ya mwisho.

Neno juu ya lugha. Mihadhara yetu ni kwa Kiingereza, mitihani ni kwa Kiingereza, ilhali bibi wa Nachingwea atakuambia habari zake kwa Kiswahili au Kimwera. Mwanafunzi wa historia wa nchi hii anafanya kazi ya kutafsiri kila siku, apende asipende. Basi aifundishwe. Kozi za tafsiri katika idara ya Kiswahili zinakubalika kama hiari katika mipango mingi ya masomo, na wanafunzi wetu hawazitumii vya kutosha. Zaidi ya hapo, mtaala mpya wa shule umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Ninyi mnaosoma shahada pamoja na ualimu mtasimama mbele ya darasa hilo. Nchi inahitaji watu wanaoweza kuandika historia kwa Kiswahili kizuri chenye ushahidi, na kwa sasa hatuna wengi.

Wa ualimu, somo lenu la pili la kufundishia lichagueni kwa akili hiyo hiyo. Kiswahili linakaa vizuri na simulizi; jiografia linakaa vizuri na mazingira na uchumi. Msichague kwa kusikia tu kwamba ajira za somo fulani zimetoka kwa wingi mwaka huu, kwa sababu ninyi mtatafuta ajira miaka mitatu ijayo.

Alama nazo ni za kweli, sizipuuzi. Kwa kawaida kazi za muhula ni 40 na mtihani wa mwisho ni 60, na wastani wako hupimwa kwa uzito wa krediti, kwa hiyo kufanya vibaya kozi yenye krediti nyingi kunakuumiza kuliko kufanya vibaya kozi ndogo. Daraja la kwanza linaanzia wastani wa 4.4 kati ya 5. Kozi ukiifeli unafanya sapu, yaani mtihani wa marudio, na alama ya sapu haipandi juu ya kufaulu kwa kawaida, hata ukijibu maswali yote. Mwenye kubeba kozi kutoka mwaka mmoja kwenda mwingine anagongana na ratiba, na hapo ndipo mtu anapoanza kukosa semina na mwishowe kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Karibu kila mara njia hiyo huanza na jambo dogo: bumu (fedha za mkopo wa mwanafunzi) limechelewa, mtu ameshindwa kulipia chumba, ameugua, kuna msiba nyumbani, akanyamaza. Mje mseme. Zipo taratibu za kuahirisha mtihani au mwaka wa masomo kwa sababu za msingi, lakini zinataka barua na vielelezo kabla ya mtihani. Baada ya matokeo kutoka, mshauri wako anaweza kukuhurumia tu.

Mnapokuja kwa mshauri, msije na fomu tu mkitaka saini. Saini ni sekunde moja na haikusaidii kitu. Njooni kabla dirisha la kubadilisha kozi halijafungwa. Tarehe ziko kwenye kalenda ya chuo, na kila mwaka kuna wanaofika siku moja baadaye. Mkipanga utafiti wa kwenda vijijini, njooni miezi kadhaa kabla, kwa sababu barua ya chuo inapita ofisi ya mkoa, inakwenda wilayani, ndipo inafika kwa mtendaji wa kijiji, na kila ofisi ina meza yake na foleni yake. Na kama mwalimu mliyekubaliana naye awasimamie utafiti akasafiri au akabadilishwa, idara ina wajibu wa kuwapa mwingine. Hiyo ni haki yenu, msiidai kwa aibu.

Wapo pia wazazi na walezi wanaouliza: historia, utafanyia kazi gani? Waelezeni kwa heshima. Wahitimu wa historia wapo shuleni, kwenye nyaraka na makumbusho, kwenye vyombo vya habari, halmashauri, mashirika, mahakamani baada ya kuongeza sheria. Mwajiri anayemhitaji mtu wa kusoma faili nene na kuandika kurasa mbili zinazoeleweka atafurahi kumpata, mradi huyo mtu kweli anaweza. Ndiyo maana narudia habari ya kozi.

Kuanzia Jumatatu washauri wote wa idara tutakuwa ofisini asubuhi mpaka adhuhuri, bila miadi, mpaka usajili utakapofungwa. Orodha ya nani yuko kwa mshauri gani imebandikwa nje ya ofisi ya idara, kwa namba zenu za usajili. Njooni na ratiba ya kozi na karatasi moja mliyoandika kwa mkono: mahali mnapotoka, jambo moja la zamani la mahali hapo ambalo hamjawahi kupata jibu lake, na lugha zote mnazozijua, hata ile mnayoisikia tu bila kuiongea. Tutaanzia hapo kupanga.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Sasa tuchukue maswali, tuanze na nyuma kule.